Herufi ya Mwisho ya Duka la Kofia

Barabara Kuu, ghorofa ya tatu
Februari 11

Kaka yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, wewe na wifi na wale watoto ninaowajua kwa picha tu. Sisi huku hatujambo. Mpwa wako amemaliza mitihani, sasa analala mpaka saa nne asubuhi na ukimwamsha anasema anapumzisha ubongo. Mimi bado niko kwenye duka la miwani, nasaga vioo na kukaza skrubu. Juzi mzee mmoja aliniletea miwani aliyoikalia mara ya tatu mwaka huu. Nikamwambia, "Mzee wangu, hii si kigoda." Alicheka sana, halafu akaondoka akaiacha kwenye kaunta.

Mama anakusalimu. Magoti yanamsumbua, mdomo haujambo.

Nije kwenye jambo lenyewe. Halmashauri ya jiji imeamua kuirudisha Barabara Kuu kwenye sura yake ya zamani, yote, kutoka stesheni hadi bungeni. Wanabandua mabango, mabati, mbao, kila kilichopigiliwa juu ya kuta za mwanzo. Wakifika kwenye jengo letu watang'oa sakafu zote, kwa hiyo sisi wa ghorofani lazima tuwe tumetoka ifikapo Septemba thelathini. Tumepewa nyumba nyingine pembeni mwa jiji, vyumba vitatu na bomba linalotoa maji. Nimeiona kwa macho yangu. Ni nzuri kuliko hii.

Mama hataki. Nimembembeleza, nimemgombeza, nimemleta mpaka daktari amweleze habari za magoti na ghorofa tatu. Jibu lake ni moja tu: "Mwanangu akirudi atagonga wapi?"

Unajua anamsema nani. Miaka ishirini na sita tangu siku ya maandamano, na bado anakaa dirishani kutwa akiitazama barabara iliyommeza Nzige. Baba alipokuwa hai alikataza jina la mdogo wetu lisitajwe mezani, tukazoea kulimeza pamoja na chakula. Sasa Baba hayupo na Mama analitaja bila kupumzika. Anasema asubuhi, kabla maduka hayajafunguliwa, anasikia kopo la rangi likigonga ngazi pale chini, na mluzi wake ule wa kupotosha nyimbo. Zamani nilikuwa nacheka. Wiki iliyopita nilijikuta nimesimama katikati ya chumba na kikombe mkononi, nasikiliza.

Wewe ndiye mkubwa. Mimi Mama ananisikiliza kama redio ya jirani. Mwandikie umwambie kitu kitakachomtoa humu ndani. Kwenye simu unakohoa tu, ndiyo maana nakuandikia.

Dada yako


Machi 6

Mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako imefika ikiwa na muhuri wa mvua, lakini nimeisoma yote. Sisi huku tunashukuru. Wifi yako anakusalimu, anauliza kama bado una ile sauti ya kufukuzia mbwa. Watoto wanakua kuliko viatu vyao. Kazi ni ile ile, napaka rangi kuta za hospitali, nyeupe tu, wodi baada ya wodi. Nikimaliza ya mwisho ya kwanza imeshachafuka, kwa hiyo ajira ninayo mpaka kiyama.

Habari ya Mama imenisikitisha. Lakini dada, wewe ni mtu mzima. Fungasheni vyombo kidogo kidogo, siku ikifika mtieni Mama kwenye teksi. Atalia siku mbili, ya tatu atagombana na majirani wapya na mambo yataisha.

Kuhusu Nzige, sina cha kumwambia ambacho hamkijui. Mimi siku ile nilikuwa nimelala na homa kwa rafiki yangu, kama nilivyowaeleza wakati ule. Baba alimkataza kijana asikaribie maandamano, akakaidi akaenda. Ndivyo tulivyoelewana sote. Kufukua fukua hakumrudishi mtu.

Kwani wameanzia upande gani wa barabara, stesheni au bungeni?

Kaka yako


Aprili 2

Kaka mpendwa,

Shikamoo. Hatujambo, isipokuwa mpwa wako ambaye amenyoa nywele zote na anataka nimsifu. Nimemwambia anafanana na wewe ulipokuwa na miaka kumi. Hakuipokea kama sifa.

Wameanzia stesheni. Na nataka nikuhadithie, maana sina mwingine wa kumhadithia. Kila kibao wanachobandua kina kibao kingine chini yake, na chini ya hicho kuna ukuta wenyewe, na kwenye ukuta kuna mwandiko wa Baba! Nilikuwa napita kwenda kazini nikaona "FUNDI SAA" kwa herufi zake zile zenye visigino, nyekundu kabisa, utadhani ameziacha jana. Hatua ishirini mbele, "PICHA KWA DAKIKA TANO". Halafu lile duka la sanda lililokuwa karibu na benki. Fundi saa alikufa nikiwa shule, wa picha naye, wa sanda naye. Barabara nzima sasa imejaa marehemu wanaotangaza biashara. Watu wanapita na kucheka, wanapiga picha. Mimi natembea nimeinamisha kichwa kama mtu aliyechelewa msibani.

Msimamizi wa ile kazi ni mhandisi mmoja mwanamke, mpole, ana kofia ya njano. Aliniona nimeduwaa akaniuliza kama najua ile michoro ya msumari iliyo chini ya kila tangazo, usawa wa kiuno, kwenye plasta. JUU BABA. CHINI MREFU. Na tarehe. Nikamweleza. Nikamwambia Baba alikuwa fundi wa vibao, na sheria yake ilikuwa kwamba kabla brashi haijagusa ukuta, wa chini anayeshika ngazi anakwangua nani amepanda na nani ameshika, ili herufi ikienda upande ijulikane wa kulaumiwa ni yupi. Nikamwambia Mrefu ni wewe, kaka yangu. Akaandika kwenye daftari lake. Kuna hata moja iliyosema JUU MREFU, CHINI NZIGE, pale kwa muuza mbegu. Nilishika ukuta ule na kiganja kizima. Nilikuwa sijaliona jina lake limeandikwa popote tangu Baba achome madaftari yake ya shule.

Mama sijamwambia. Naogopa ataomba ashushwe akalale chini ya ule ukuta.

Umeniambia nimtie kwenye teksi. Haya. Mimi nitashika mkono mmoja, wewe njoo ushike mwingine. Kaka, Mama ana miaka sabini na minane na anachotaka ni kujua tu. Kama kuna neno lolote unalolikumbuka la siku ile, hata dogo, liandike.

Dada yako


Aprili 29

Mdogo wangu,

Marahaba. Samahani kwa kuchelewa, kazi zilinizidi. Sote wazima.

Sikiliza, nakuomba jambo moja. Usiwe unasimama simama pale kwenye kuta. Una kazi yako, una mtoto. Mambo ya zamani yana namna yake ya kumnasa mtu. Mimi mwenyewe tangu nisome barua yako sina raha. Napaka ukuta mweupe, naugeukia, naona herufi zinajitokeza chini ya rangi. Nimepaka wodi ya watoto mara tatu. Msimamizi wangu ameniuliza kama macho yangu yana shida, nikamwambia dada yangu ni mtu wa miwani, nitamwuliza.

Mwambie huyo mhandisi kwamba si kila bati ni la kubanduliwa. Lile la duka la kofia, kwa mfano, limekula kutu mpaka kwenye misumari. Wakilivuta wataangusha na plasta yote bure. Waliache.

Kwa Mama nitafikiria cha kumwandikia.

Kaka yako


Mei 20

Kaka,

Shikamoo. Sisi wazima. Mama anakula nusu sahani.

Mimi sikukutajia duka la kofia. Nimesoma upya barua zangu zote, nakala zake ninazo, na sikulitaja popote. Ndiyo maana siku walipolifikia niliomba ruhusa kazini nikaenda kusimama pale.

Bati lilitoka kirahisi tu. Chini yake kuna tangazo la rangi ya samawati, herufi ndefu kuliko mkono wangu: KOFIA ZA KILA KICHW. Limeishia hapo. Watu walicheka, mmoja akasema aliyeandika alikwenda kula akasahau kurudi. Nikasogea karibu. Unajua kazi yangu ni kuona vitu vidogo. Baada ya W kuna mguu mmoja wa A, umeanza vizuri kabisa, mnene, ukingo safi. Halafu unaacha njia yake. Unakatisha ukuta, unashuka, unashuka, mstari mmoja wa samawati unaozidi kuwa mwembamba mpaka kwenye kizingiti cha mlango.

Nilichuchumaa kutafuta msumari uliandika nini. Mhandisi alinishikia tochi ingawa ilikuwa saa tano asubuhi, maana nguzo zinatia kivuli. JUU NZIGE. CHINI MREFU. Na tarehe ni ya siku ya maandamano, kaka. Siku, mwezi, mwaka.

Nilikaa chini palepale. Mhandisi akaniuliza, "Dada, nikuletee maji?"

Ulisema ulikuwa na homa. Ulisema Nzige alikaidi akaenda mwenyewe. Baba alikufa akiamini hivyo. Niambie nisome vipi ule ukuta.

Dada yako


Juni 15

Dada,

Nimepata barua yako.

Nzige alikuwa mtu wa mizaha, unamjua. Bila shaka alichukua vifaa akaenda mwenyewe kuchezea kazi ya Baba, akakwangua majina kwa utani. Mimi sikuwepo.

Wifi yako na watoto wanasalimu. Nimeambatanisha picha yao wakiwa kwenye bustani.

Achana na kuta.

Kaka yako


Julai 8

Kaka,

Shikamoo. Picha nimeipata, mdogo ana masikio ya Baba, Mungu amsaidie.

Nitasema polepole ili usipate pa kujificha. Baba hakumruhusu Nzige kupanda hata siku moja, alisema mpaka atimize miaka kumi na minane, na alikuwa amebakiza miezi mitano. Ngazi ya Baba ilikuwa ya mbao, ya kuegemeza ukutani, haisimami bila mtu. Na msumari ulikuwa unakaa na wa chini. Ulikuwa mfukoni mwako, ulitoboa kila suruali uliyovaa na Mama alikuwa akizishona huku anakutukana. Aliyekwangua ule ukuta ni wewe. Nimeuangalia kwa lenzi ya dukani. Herufi M yako inapanua miguu kama mtu anayepanda baiskeli, iko kwenye bahasha zote ulizoniletea kwa miaka hii yote.

Uliandika ukweli kwa mkono wako mwenyewe, kwa sababu ya mazoea ya kazi, kabla hujajua kwamba utahitaji kuuficha.

Mama sasa haoni vizuri usiku wala mchana lakini anakataa miwani, anasema Nzige atamtambua kwa sura ile ile. Zimebaki siku themanini na nne. Wapangaji wa ghorofa ya kwanza wameshahama, milango yao inagongwagongwa na upepo na kila ikigonga Mama anasema, "Karibu." Mpwa wako amehamia kulala kwa shangazi wa baba yake, anaogopa. Hata mimi naogopa. Niko peke yangu na mama anayemkaribisha mtu asiyeonekana, na ndugu wa pekee niliyebaki naye ananitumia picha za bustani.

Sikuombi uje. Naomba useme.

Dada yako


Agosti 25

Dada yangu,

Salamu leo siziwezi. Barua hii nimeianza tangu Julai, nikichana, nikianza.

Asubuhi ile Baba alitutuma sote wawili tukamalize duka la kofia, yeye akabaki akichanganya rangi nyumbani. Nilipanda mimi, Nzige akashika. Nikaandika mpaka W. Nikashuka kunywa maji, naye akaanza kunisumbua. "Kaka, nipe A tu. A moja. Ina miguu miwili na mkanda, nitakosea wapi?" Unamjua alivyokuwa akitaka kitu, alikuwa anakila kama alivyokula chungu kizima cha wali, ndiyo maana tukamwita Nzige. Nikampa brashi. Niliyafuta majina ya kwanza nikakwangua upya, kama inavyotakiwa, maana wa juu alikuwa amebadilika. Akapanda huku anapiga mluzi.

Makelele yalianzia upande wa stesheni. Kwanza nyimbo, halafu viatu, watu wengi wakikimbia, halafu milio. Baba alikuwa akituambia wa chini haachii ngazi hata nyuki wakija. Dada, hakuna aliyenisukuma. Nataka ulijue hilo. Watu walikuwa bado mbali. Mwenye duka la kofia alifungua mlango akaniita, "Ingia, ingia!" na mikono yangu ikaachia. Ni hatua tatu tu mpaka kwenye kizingiti. Niliziruka. Nikiwa nimevuka nilisikia, "Kaka, shika!" Hakupiga kelele. Alisema kama mtu anayekukumbusha kitu.

Mlango ulifungwa nyuma yangu. Niliangalia kupitia kioo, katikati ya kofia. Alikuwa amelala chali kwenye lami, brashi mkononi. Risasi haikumgusa. Alianguka tu. Mguu wake mmoja ulichezacheza kidogo, halafu ukatulia. Ufunguo ulikuwa mlangoni, ndani, nilikuwa nauona. Sikuuzungusha. Baadaye lilikuja lori, likawa linaokota watu. Wawili wakamshika mikono na miguu, mmoja akamnyang'anya ile brashi akaitupa. Kichwa chake kilivyoning'inia nilijua kwamba amekufa. Hiyo naweza kumwapia Mama. Hakukaa popote akiita, hakufungwa, hakuteswa, hakutangatanga akitafuta nyumbani. Amekufa saa ile ile, mbele ya macho yangu, na mimi nimesimama katikati ya kofia.

Walipelekwa ng'ambo ya reli, kwenye machimbo ya mawe. Nilikwenda pale mara moja kabla sijaondoka nchini. Kuna ukanda mrefu wa udongo mwekundu chini ya jabali, walikuwa wameanza kupanda miti juu yake. Mtu yeyote wa kule atawaonyesha, wote wanajua, hawasemi tu.

Nilipofika nyumbani Baba aliuliza, "Mwenzako yuko wapi?" Nikasema nilishikwa na homa njiani, nikaenda kulala kwa rafiki yangu, Nzige nikamwacha arudi na vifaa. Nikaona uso wa Baba unajaza maneno mwenyewe: amekaidi, amefuata maandamano. Ningeweza kumrekebisha kwa neno moja. Nikanyamaza, na unajua mwenyewe jinsi alivyoishi na hasira yake baadaye. Mdogo wetu alikufa kazini, akifanya alichotumwa na baba yake, na nikamwacha azikwe na jina la mkaidi ndani ya nyumba yake mwenyewe. Mwenye duka la kofia alipigilia bati wiki ile ile. Tulikutana mara moja barabarani, akavuka upande wa pili. Miezi miwili baadaye nikaondoka.

Sijaandika hata herufi moja ukutani tangu siku hiyo. Nyeupe tu. Mwenzangu kazini akipanda ngazi nasema mgongo unaniuma, ashikiwe na mwingine. Na bado kila anapopanda mtu nasikia ile "shika", kwa sauti ile ya kunikumbusha.

Msomee Mama yote, usiruke neno. Akishajua atatoka, na mmpeleke machimboni. Mimi siwezi kuja. Kwenye msiba wa Baba sikuja kwa sababu hii, na sasa nina sababu kubwa zaidi, kwamba mnajua. Nichukieni kutoka huko huko.

Kaka yako


Septemba 10

Kaka,

Shikamoo. Nimeiandika kwa mazoea, usijipe moyo.

Nimemsomea. Nilimkalisha kitandani, akakataa, akarudi kwenye kiti chake cha dirishani, akasema, "Soma." Nikasoma. Nilipofika kwenye ufunguo niliishusha karatasi na yeye akasema, "Endelea, mimi sijakufa." Alinirudisha mara mbili pale Nzige anapoomba apewe A. Mara ya pili alitabasamu, kaka. Nilishangaa. Alisema, "Alikuwa anaomba hivyo hivyo hata wali." Halafu akainamisha kichwa mpaka adhana, na mimi nikakaa sakafuni kando ya miguu yake nikilia kwa ajili yetu sote, na kwa ajili ya Baba, na kwa hasira. Nimekukasirikia kwa namna ambayo sikujua ninayo. Umemwacha mama yako akae dirishani miaka ishirini na sita na jibu lilikuwa mfukoni mwako.

Jumamosi tulikwenda machimboni. Ghorofa tatu alizishuka mwenyewe, alichukua muda wa kupika maharage, akakataa mkono wangu. Miti imekuwa mikubwa, inatia giza. Mwanamke mmoja anayeponda kokoto alituonyesha bila kuulizwa, kumbe watu huja. Mama alisimama akaongea na ardhi kwa sauti ya kawaida. Alimwambia Nzige kwamba amesikia, kwamba alikuwa kazini, kwamba hakukaidi, na kwamba Baba yake alikosea na wameshakutana huko bila shaka na ameombwa radhi. Tukasoma dua. Akasema amechoka, turudi.

Nilidhani yamekwisha. Jioni ile nilianza kufunga sahani kwenye magazeti. Asubuhi yake nikamkuta dirishani, kitambaa kichwani, macho barabarani.

Nikasema, "Mama, si umeshajua? Si tumekwenda?"

"Tumekwenda."

"Sasa unamsubiri nani?"

Akanigeukia kama vile mimi ndiye mwenye akili zilizopungua. "Kwani mimi nilizaa wavulana wangapi? Wawili. Wote wametokea mlango ule. Mmoja nimemwona jana. Nimebaki na mmoja."

Nikamwambia umesema huwezi kuja. Akasema nikuulize, nani alikuuliza kama unaweza. Akasema umtoe humu wewe, kwa mikono yako, maana mimi nimeshafanya ya kutosha. Halmashauri wakija watamkuta hapa, wakitaka wambebe na kiti chake. Nikamwuliza kama amekusamehe. "Sijui," akasema. "Hayo siyamalizi kwa barua. Nataka nimtazame."

Sahani nimezifungua tena, tunazilia. Barua hii ikichukua siku kumi, utabakiwa na kumi. Wapangaji wote wameondoka, tumebaki sisi wawili katika jengo zima, na kila mlango ukigonga anasema karibu, lakini sasa anasema jina lako. Najisikia vibaya kukuambia kwamba moyo wangu unaruka kila mara.

Usinijibu kwa karatasi. Njoo.

Dada yako